Uhuru wa Ugiriki katika historia na sanaa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila ninapofundisha habari za Ugiriki, wanafunzi huja na picha mbili kichwani: nguzo nyeupe za marumaru, na wanafalsafa wenye ndevu. Wachache sana wanajua kwamba nchi inayoitwa Ugiriki leo ilizaliwa kwa vita miaka 200 tu iliyopita, na kwamba washairi na wachoraji walikuwa na mkono mkubwa katika kuzaliwa kwake. Haya ndiyo maswali wanayoniuliza zaidi.

Ugiriki ilikuwa chini ya nani, na ilijikomboa lini?

Sultani Mehmed II wa Waosmani, watawala wa Kituruki, aliiteka Konstantinopoli (leo Istanbul) mwaka 1453, na Athens ikaangukia mikononi mwa Waosmani miaka 3 baadaye. Kuanzia hapo Wagiriki wengi waliishi chini ya Milki ya Osmani kwa karibu karne nne. Mwaka 1814 wafanyabiashara watatu wa Kigiriki walianzisha chama cha siri, Filiki Eteria, katika mji wa bandari wa Odessa. Vita vyenyewe vililipuka Machi 1821.

Vita hivyo vilikuwa virefu na vya kuchosha, na mara mbili Wagiriki walipigana wao kwa wao wakati adui yuko mlangoni. Mwaka 1825 Ibrahim Pasha, mwana wa mtawala wa Misri aliyemsaidia Sultani, alishuka kutoka Misri na jeshi lililofunzwa kisasa, akakaribia kuuzima moto wote. Kilichogeuza mambo ni mapigano ya baharini ya Navarino, tarehe 20 Oktoba 1827, ambapo manowari za Uingereza, Ufaransa na Urusi ziliangamiza merikebu za Osmani na Misri. Tarehe 3 Februari 1830, huko London, mataifa hayo matatu yalitia saini kwamba Ugiriki ni dola huru.

Ilikuwa nchi ndogo: Peloponnese (rasi kubwa ya kusini), sehemu ya bara kusini, na baadhi ya visiwa. Visiwa vya Ionia vilijiunga mwaka 1864, Thessaly 1881, Krete 1913, na Rhodes pamoja na visiwa jirani zake mwaka 1947. Mzee aliyezaliwa Rhodes kabla ya 1912 aliishi chini ya Waosmani, kisha Waitalia, kisha Wagiriki, bila kuhama kijiji.

Kwa nini sikukuu ya taifa ni 25 Machi kama vita vilianza kabla ya hapo?

Kwa sababu siku hiyo kanisa linaadhimisha malaika kumpasha Maria habari za kuzaliwa kwa Yesu. Kufikia tarehe 25 mji wa Kalamata ulikuwa umekwisha kutekwa tangu tarehe 23. Serikali iliitangaza rasmi kuwa sikukuu ya taifa mwaka 1838, na tangu hapo mambo mawili yanasherehekewa kwa pamoja: habari njema ya Maria na habari njema ya taifa.

Wengi wanaijua siku hiyo kwa picha: Askofu Germanos wa Patra, katika monasteri ya Agia Lavra, ameinua bendera na wapiganaji wamepiga magoti wakila kiapo. Ni kazi ya Theodoros Vryzakis, mwaka 1865, miaka 44 baada ya tukio linalodaiwa. Wanahistoria wengi wanaihesabu kuwa mapokeo zaidi ya tukio lililoshuhudiwa. Mimi siichukulii picha hiyo kama uongo. Vryzakis alikuwa mtoto mdogo vita vilipoanza, na Waosmani walimnyonga baba yake. Alipochora kiapo kile alikuwa na deni lake mwenyewe la kulipa.

Ulaya ilikuwa na sababu gani ya kujali?

Tazama shule zao. Kijana wa tabaka la juu huko London, Paris au Munich alikuwa akikaririshwa mashairi ya Homer, mshairi wa Ugiriki ya kale, tangu utotoni. Aliposikia kwamba Wagiriki wamechukua silaha, hakuona wakulima wa milimani wenye bunduki ndefu. Aliona Leonidas, mfalme shujaa wa Sparta ya kale, amefufuka. Waliokwenda kupigana au kuchanga fedha wakaitwa wapenda-Ugiriki.

Wengi walivunjika moyo walipofika. Walitarajia kukutana na watu wa kwenye sanamu, wakakutana na watu halisi wenye njaa, wenye chawa, wenye madeni ya damu na majirani zao. Watu hao hata jina la Wahelene hawakulitumia sana. Wengi walijiita Waromioi, yaani Warumi, kwa kumbukumbu ya Bizanti iliyokuwa Roma ya Mashariki. Na baharia wa visiwa vya Hydra au Spetses nyumbani kwake alizungumza Kiarvanitika, lugha ya jamii ya Kialbania.

Lakini jina la kale lilikuwa na nguvu, na viongozi waliitambua nguvu hiyo. Merikebu zikapewa majina ya mashujaa wa kale. Ile kubwa ya Bouboulina, mwanamke wa Spetses aliyeunda merikebu kwa mali yake, iliitwa Agamemnon. Urithi ule ulikuwa kama shamba la babu ambalo wajukuu walikuwa wamesahau mipaka yake, na sasa wageni ndio waliokuja kuwaonyesha. Ni msaada, na ni mzigo pia, kwa sababu tangu siku hiyo Mgiriki amepimwa kwa kipimo cha watu waliokufa miaka 2,300 kabla yake.

Lord Byron alikuja kupigana kweli?

Alikuja, lakini hakupigana hata pigano moja. George Gordon Byron alikuwa mshairi maarufu kuliko wote Ulaya wakati ule. Alifika mji wa Missolonghi Januari 1824 akiwa na fedha zake mwenyewe, ambazo sehemu yake ilikuwa imekwisha kulipia merikebu za Wagiriki. Akajikuta anapatanisha makundi yanayogombana, analipa mishahara ya askari wasiotii, na anaishi kando ya wangwa wenye mbu. Akashikwa na homa. Madaktari wakamtoa damu mara kwa mara, kama ilivyokuwa tiba ya siku zile, na tarehe 19 Aprili 1824 akafariki akiwa na miaka 36.

Kifo chake kitandani kilifanya kazi ambayo upanga wake usingeweza kuifanya. Habari zilipofika Ulaya, michango iliongezeka na vijana wakafunga safari. Hadi leo Wagiriki huwapa watoto wa kiume jina Vyron, na kitongoji kizima cha Athens kinaitwa Vyronas.

Ni nini hasa kilitokea Missolonghi?

Swali hili hulijibu polepole, kwa sababu hapa ndipo historia na sanaa zilipokutana.

Missolonghi ni mji mdogo ulio chini sana, umezungukwa na maji ya chumvi na matope. Ukuta wake ulikuwa wa udongo. Aprili 1825 ulizingirwa na jeshi la Osmani, na baadaye Ibrahim akaongeza jeshi lake la Misri. Ndani ya mji mlikuwa na mtambo wa kuchapa, na Mswisi mmoja, Johann Jakob Meyer, aliendelea kutoa gazeti huku mizinga ikinguruma, hadi mtambo wenyewe ulipopigwa.

Merikebu za Wagiriki ziliposhindwa kupenya na chakula, watu walikula farasi, kisha punda, mbwa, paka, panya, na mwisho magugu ya baharini ambayo walilazimika kuyachemsha mara nyingi ili kupunguza uchungu wake. Usiku wa kuamkia Jumapili ya Matawi, Aprili 1826, waliobaki waliamua kutoka kwa nguvu. Wanawake wengi walivaa mavazi ya kiume. Wagonjwa na wazee wasioweza kutembea walikusanyika katika nyumba ya mzee Christos Kapsalis, penye ghala la baruti, naye akaitia moto adui walipoingia. Wengi wa waliotoka waliuawa au kutekwa. Meyer naye alikufa usiku ule. Wanawake na watoto waliotekwa wakauzwa utumwani.

Miezi michache baadaye mchoraji Mfaransa Eugène Delacroix akachora, huko Paris, picha iitwayo Ugiriki juu ya magofu ya Missolonghi. Iko Bordeaux, Ufaransa. Mwanamke mmoja, amevaa mavazi ya Kigiriki, goti moja limegusa jiwe lililopasuka. Mikono yake imefunguka, viganja vinatazama mbele. Hana upanga wala hapigi kelele. Chini ya mguu wake, kati ya mawe, unatokeza mkono wa maiti. Mkono huo tu. Mchoraji mwingine angejaza turubai kwa vita. Yeye alituachia mkono.

Yule mtu mweusi nyuma ya mwanamke katika picha hiyo ni nani?

Mwanafunzi wa Kiafrika huligundua jambo hili katika dakika ya kwanza, wakati vitabu vingi vya sanaa hulipita. Nyuma gizani amesimama mwanamume mweusi mwenye kilemba, ameshika bendera. Ndiye mshindi. Kwa mtazamaji wa Paris alikuwa alama ya ukatili uliotoka Mashariki na Afrika.

Lakini fuata njia aliyopita. Muhammad Ali, mtawala wa Misri, alipeleka jeshi Sudan mwaka 1820. Mojawapo ya shabaha zake kuu ilikuwa kukamata watu wa kuwafanya askari wa jeshi lake jipya. Maelfu walipelekwa kambi za Aswan na wengi mno walikufa huko, ndipo akageukia wakulima wa Misri na kuwaandikisha kwa nguvu. Basi kama yule wa kwenye picha ni Msudani, alikuwa mtu aliyeng'olewa kwao, akafundishwa kutii kwa viboko, kisha akavushwa bahari kwenda kuwang'oa wengine. Delacroix hakumchora hivyo. Sisi tunaweza kumtazama hivyo bila kupunguza machozi ya yule mwanamke hata tone moja.

Na ile picha kubwa ya Chios?

Hiyo ilitangulia. Chios kilikuwa kisiwa tajiri chenye shule, maktaba na mashamba ya mastiki (utomvu wa mti wenye harufu nzuri), na wenyeji wengi hawakutaka vita. Machi 1822 wapiganaji kutoka Samos walitua huko na kuanzisha uasi. Majeshi ya Sultani yakaja kulipiza kisasi. Makumi ya maelfu ya watu waliuawa, na makumi ya maelfu wengine wakauzwa katika masoko ya watumwa. Kisiwa kilibaki karibu kitupu. Miezi michache baadaye Konstantinos Kanaris alikaribia usiku kwa mashua ya moto, akaiunganisha na manowari ya amiri wa Osmani, na ikateketea pamoja na amiri mwenyewe.

Delacroix alionyesha picha yake ya maangamizi ya Chios mwaka 1824, akiwa na miaka 26. Ina urefu wa zaidi ya mita 4. Usiitazame kutoka katikati ya chumba. Sogea upande wa kulia, chini. Kuna mama amekufa, na mtoto mchanga juu yake anatafuta ziwa. Pembeni yake ajuza ameketi, macho yamepanda juu. Hamtazami mtoto, hamtazami farasi wa askari aliyeinuka, hatutazami sisi. Macho yale yamekwisha kulia. Mchoraji mwenzake Gros alisema hayo yalikuwa maangamizi ya uchoraji, kwa sababu picha haina shujaa wala ushindi, na watu wanaokufa wamekaa tu wakisubiri. Mimi naona hapo ndipo ukweli wake ulipo.

Picha hiyo ipo Louvre, jumba la makumbusho la Paris. Katika jengo hilohilo ipo sanamu ya Aphrodite wa Milos, iliyochimbuliwa na mkulima mwaka 1820, mwaka mmoja kabla ya vita, na kupelekwa Ufaransa. Urithi na maumivu vya nchi moja vinakaa chini ya paa moja, ugenini.

Ni kweli Haiti ndiyo iliyowaunga mkono kwanza?

Ndiyo. Adamantios Korais, msomi wa Kigiriki aliyeishi Paris, pamoja na wenzake walimwandikia Rais Jean-Pierre Boyer wa Haiti kuomba msaada. Boyer alijibu Januari 1822. Barua yake inawaita Wagiriki raia, inawatakia ushindi, na inaeleza kwa masikitiko kwamba hazina ya Haiti haina fedha za kuwapa. Wakati huo falme za Ulaya zilikuwa bado zinaogopa kumuudhi Sultani. Haiti, taifa la watu waliokata minyororo yao wenyewe na ambalo Ufaransa ilikuwa haijalitambua, ndilo lililonyoosha mkono. Nashangaa hadi leo kwamba hakuna mchoraji mkubwa aliyeichora siku barua ile ilipofika.

Michoro hiyo inaficha nini?

Inaficha Tripolitsa. Mji huo, makao ya utawala wa Osmani katika Peloponnese, ulianguka mikononi mwa Wagiriki vuli ya 1821, na kwa siku kadhaa maelfu ya Waislamu na Wayahudi, wanawake na watoto wakiwemo, waliuawa. Jemadari Theodoros Kolokotronis mwenyewe alisimulia uzeeni kwamba kutoka ukutani hadi kasri la gavana kwato za farasi wake hazikugusa ardhi, kwa wingi wa maiti. Hakulificha. Ulaya ndiyo iliyochagua kuchora Chios na kuiacha Tripolitsa.

Mwanafunzi akiniuliza kama hilo linafuta haki ya Wagiriki kuwa huru, namjibu hapana, halifuti. Ila anayependa uhuru wa watu lazima aweze kuwataja wafu wa pande zote mbili.

Wagiriki wenyewe walijichora vipi?

Hapa ndipo penye kipenzi changu. Yannis Makriyannis alikuwa jemadari asiye na elimu. Mwaka 1829, akiwa Argos na miaka thelathini na kitu, alijifunza herufi kwa shida ili aandike kumbukumbu zake kabla wengine hawajamwandikia uongo. Aliandika jinsi anavyosema, bila nukta, maneno yameshikana kama samaki kwenye tenga. Maandishi hayo yalichapishwa mwaka 1907, na leo yanahesabiwa miongoni mwa nathari bora ya Kigiriki.

Makriyannis alitaka pia picha za vita. Alimwajiri kwanza mchoraji wa Kizungu, akaona kazi yake haimridhishi, akamlipa na kumwacha aende. Kisha akamleta Panagiotis Zografos, mchoraji wa kijijini kutoka upande wa Sparta, aliyepigana vita mwenyewe. Wawili hao walikuwa wakienda hadi kwenye uwanja wa mapigano, na Makriyannis anaonyesha kwa kidole: hapa tulikuwa sisi, pale walikuwa wao. Kati ya 1836 na 1839 zikatoka picha 25.

Hazifanani kabisa na za Paris. Zografos anachora kana kwamba yuko angani: ngome, milima, merikebu, mistari ya askari wadogo kama sisimizi, na kila kitu kimepewa nambari inayoelezwa chini. Hakuna uso mmoja unaokuomba huruma. Mtu aliyekuwepo alitaka kila kikosi kiwekwe mahali pake, ili aliyepigana penye nambari 7 asinyang'anywe sifa yake. Nakala zake walipewa Mfalme Otto wa Ugiriki na mabalozi wa Uingereza, Ufaransa na Urusi. Seti ya Malkia Victoria bado iko Windsor.

Kisa chake kingine hunirudia kila nikisikia neno urithi. Askari fulani walikuwa na sanamu mbili za kale, nzima, na walitaka kuwauzia Wazungu kwa talari elfu moja, sarafu za fedha za wakati ule. Makriyannis akawaita kando. Akawaambia: hata mkipewa elfu kumi, msikubali ziondoke katika nchi yetu, kwa ajili ya hizi ndiyo maana tulipigana. Mtu huyo hakuwahi kumsoma Plato. Hakuhitaji profesa wa Munich kumweleza sanamu zile ni za nani.

Wimbo wa taifa wa Ugiriki umetoka wapi?

Dionysios Solomos aliuandika Mei 1823 kisiwani Zakynthos, akiwa na miaka 25. Una beti 158, na katika sherehe huimbwa za mwanzo tu. Katika beti hizo mshairi anaiambia Uhuru kwamba anaitambua kwa makali ya upanga wake, na kwamba imechomoza kutoka mifupa mitakatifu ya Wagiriki. Nikolaos Mantzaros wa Corfu aliutungia muziki. Ukawa wimbo wa taifa mwaka 1865, na Cyprus nayo inautumia tangu 1966.

Ajabu yake ni hii: Solomos alisomeshwa Italia na mashairi yake ya mwanzo ni ya Kiitalia. Ilimbidi ajifunze kuandika lugha ya mama yake, aliyekuwa mtumishi wa nyumbani. Akachagua Kigiriki cha sokoni na cha nyimbo za kijijini, wakati wasomi wengi walitaka lugha iliyosafishwa ifanane na ya kale. Ugomvi huo wa lugha mbili ulidumu hadi 1976, lugha ya watu ilipokubaliwa rasmi serikalini na shuleni. Sisi tunaoandika kwa Kiswahili tunajua vizuri maana ya kuambiwa kwamba lugha yako haifai kwa mambo mazito.

Solomos aliisikia mizinga ya Missolonghi ikivuma ng'ambo ya maji. Alikaa miaka mingi akiandika shairi la waliozingirwa wakiwa huru, akalifuta, akalianza upya, na hakulimaliza. Ndani yake kishawishi kikubwa kuliko mizinga ni mwezi wa Aprili wenyewe: maua, ndege, maji yaliyotulia, na uzuri unaomfanya mtu mwenye njaa asitake kufa.

Wanawake walishiriki?

Sana. Laskarina Bouboulina wa Spetses, mjane mara mbili, alitumia mali yake kuunda merikebu na kulipa mabaharia, akaongoza kuizingira Nafplio kutoka baharini. Hakufa vitani, mwaka 1825 alipigwa risasi katika ugomvi wa kifamilia. Manto Mavrogenous wa Mykonos naye alitoa mali yake yote kwa ajili ya vita na akafa maskini. Sura zao zilizunguka Ulaya nzima katika picha za kuchapwa, na fedha zao hazikurudishwa.

Ni kweli watoto wa Kigiriki walisoma usiku katika shule za siri?

Picha ya Nikolaos Gyzis ya miaka ya 1880 imewafanya wengi waamini: padri mzee, mwanga hafifu, watoto miguuni pake. Ni picha nzuri mno. Lakini Waosmani kwa jumla hawakupiga marufuku shule za Kigiriki. Ioannina, Smyrna na Chios zilikuwa na shule zenye sifa, waziwazi.

Baada ya uhuru, nani alitawala?

Ioannis Kapodistrias, aliyewahi kuwa waziri wa mambo ya nje wa Urusi, alikuwa kiongozi wa kwanza. Aliuawa mlangoni mwa kanisa huko Nafplio mwaka 1831 na watu wa ukoo wa Mavromichalis aliowabana. Mataifa makubwa yakamleta Otto, kijana wa miaka 17 kutoka Bavaria, Ujerumani, awe mfalme. Kolokotronis, aliyeshinda vita, alihukumiwa kifo mwaka 1834 kwa tuhuma za uhaini, kisha akasamehewa. Mwaka huohuo mji mkuu ukahamia Athens, mji mdogo uliobomoka, kwa sababu ya jina lake na mlima wake wenye nguzo.

Kuna uhusiano wowote na Afrika Mashariki?

Upo, na ni wa kale kuliko wengi wanavyodhani. Mwongozo wa mabaharia wa Bahari ya Shamu, ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza, unaieleza pwani yetu kwa jina la Azania na kuitaja bandari ya Rhapta, penye biashara ya pembe za ndovu. Ni miongoni mwa maandishi ya mwanzo kabisa yanayotutaja.

Karne iliyopita Wagiriki walilima mkonge Tanganyika, na ukumbi wa Arnautoglu pale Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, una jina la mmoja wao. Kenya kuna Waorthodoksi wengi, na seminari yao ya Riruta, Nairobi, ina jina la Askofu Mkuu Makarios III wa Cyprus. Waingereza walimpeleka uhamishoni Shelisheli mwaka 1956 kwa kudai haki ya watu wake, na baadaye akawa rais wa kwanza wa nchi yake.

Na kuna urithi tunaoutamka kila siku. Kalamu, karatasi, falsafa, almasi, askofu, injili: yote yana mzizi wa Kigiriki, na yamepitia Kiarabu kabla ya kutufikia. Mwanafunzi anayeandika jina lake kwa kalamu juu ya karatasi amekwisha kutumia maneno mawili yao.

Kwa nini mawe ya Parthenon yako London?

Parthenon ni hekalu la kale juu ya mlima wa Akropoli, Athens, lililojengwa kati ya 447 na 432 KK. Likawa kanisa, kisha msikiti. Mwaka 1687 Waosmani walikuwa wameweka baruti ndani, na kombora la Wavenisi likalipasua katikati. Tangu 1801 watu wa Lord Elgin, balozi wa Uingereza kwa Sultani, waling'oa sehemu kubwa ya sanamu zilizobaki na kuzisafirisha. Elgin alidai kuwa na kibali cha Waosmani. Wagiriki hujibu kwamba mtawala wa kigeni hakuwa na haki ya kuuza kisichokuwa chake. Byron alikuwa miongoni mwa waliomshutumu Elgin kwa ukali. Mwaka 1816 Bunge la Uingereza lilizinunua kwa pauni 35,000, na zipo Jumba la Makumbusho la Uingereza. Sheria ya 1963 inalibana jumba hilo lisiachie mali zake.

Nadhani zirudi. Vatikani ilirudisha vipande vitatu mwaka 2023 na dunia haikuanguka.

Ukifika Athens, panda ghorofa ya juu ya Jumba la Makumbusho la Akropoli, lililofunguliwa mwaka 2009. Ukumbi umejengwa kwa vipimo vya hekalu lenyewe na kuelekezwa upande uleule, na kupitia vioo unaliona mlimani. Ukanda wa sanamu unazunguka ukumbi. Mawe ya asili yana rangi ya asali, yamechubuka, yana alama za moto na mvua. Kisha ghafla unakutana na plasta nyeupe, mpya, laini: ni nakala ya kipande kilichoko London. Asali, nyeupe, asali, nyeupe. Kuna mahali farasi ana kichwa cha rangi moja na kiwiliwili cha rangi nyingine. Ghorofa ya kwanza wamesimama wasichana watano wa marumaru waliokuwa wakibeba kwa vichwa vyao paa la Erechtheion, hekalu jirani la Parthenon, na kati yao nafasi ya wa sita imeachwa wazi.